Macho yanapofifia: ni miwani, ni homoni au ni kalsiamu? Ulinganisho wa kukusaidia kujua pa kuanzia

Mtu akianza kuona vibaya, jambo la kwanza analolifikiria ni miwani. Si kosa, kwa sababu mara nyingi tatizo ni la jicho lenyewe na miwani hulimaliza. Wasiwasi wangu ni kwa yule anayebadilisha miwani mara ya pili, kisha ya tatu, kila mara anaambiwa anasoma herufi vizuri, na bado anajua moyoni kwamba kuna kitu hakiko sawa. Chati ya herufi hupima jambo moja tu: uwezo wa kusoma kilicho mbele yako moja kwa moja. Haipimi unachokiona pembeni, haikuulizi kama rangi nyekundu imepauka, wala haijui kama kitu kimoja unakiona viwili. Magonjwa mengi ya homoni huanzia hukohuko ambako chati haifiki.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua uende wapi, jiulize unaona vibaya *namna gani*. Neno "sioni vizuri" halimsaidii mtu yeyote. Kukosa kuona pembeni ni jambo moja, ukungu ni jingine, na kuona vitu viwili viwili ni jingine kabisa. Kila namna inaelekeza kwenye tezi yake.

Unakosa pembeni, au unaona ukungu?

Tezi ya pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere, na imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo. Sentimita moja hivi juu yake, neva mbili zinazotoka machoni zinakutana na kupishana. Nyuzi zinazopishana hapo ni zile zinazobeba picha ya pande za nje: upande wa kushoto kwa jicho la kushoto, upande wa kulia kwa jicho la kulia. Uvimbe wa pituitari ukikua kwenda juu, unazisukuma nyuzi hizo kutokea chini. Ndipo mtu anapoanza kupoteza pembeni pande zote mbili, mara nyingi sehemu ya juu kwanza, huku katikati pakiwa safi kabisa.

Hebu fikiria hilo linavyojitokeza katika maisha. Mtu huyu anagonga mabega kwenye fremu ya mlango. Gari linamtokea ghafla kutoka upande. Anasoma gazeti bila shida, lakini kutunga uzi kwenye sindano kumekuwa kazi. Watu wanamwambia amekuwa mzembe. Yeye mwenyewe hatasema "sioni", kwa kuwa ubongo hauoneshi giza pale panapokosekana picha. Hapaonekani tu, basi.

Ukungu ni hali tofauti. Mwenye mtoto wa jicho anajua kwamba haoni vizuri: taa za usiku zinatawanyika, rangi zimefifia, jua linamsumbua. Ukungu umeenea kote, haujachagua upande. Hapa lenzi ndiyo inayoshukiwa, na nyuma ya lenzi kunaweza kuwa na kisukari, matumizi ya muda mrefu ya dawa za sitiroidi, au kalsiamu iliyoshuka, ambayo nitaifikia hapa chini kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Unaweza kujipima pembeni kwa njia rahisi ukiwa na mtu mwingine. Kaeni mkitazamana, umbali wa mkono mmoja. Funika jicho lako la kushoto, naye afunike la kulia, kisha ukazie macho pua yake. Yeye asogeze kidole polepole kutoka pembeni kuja katikati, juu na chini, na wewe useme unapokiona. Akikiona yeye mapema zaidi kuliko wewe, tena kwa macho yako yote mawili upande wa nje, usiende duka la miwani. Nenda kwa daktari bingwa wa macho na uombe kwa maneno haya: "Nataka kupimwa upana wa kuona." Kipimo hicho hufanywa kwa mashine, kila jicho peke yake, na ndicho kinachoonesha umbo la sehemu iliyopotea. Jaribio la nyumbani halikigundui kila kitu, kwa hiyo ukilifaulu na bado una mashaka, usiliamini kuliko mashaka yako.

Pamoja na pembeni kupotea, angalia mwili mzima. Mwanamke ambaye hedhi imesimama bila ujauzito, au anayetoa maziwa na hanyonyeshi. Mwanamume aliyepoteza hamu ya tendo la ndoa. Mtu ambaye pete haiingii tena na viatu vimembana ingawa hajanenepa. Hizo ni lugha za pituitari: prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, imezidi katika hali mbili za kwanza, homoni ya ukuaji katika ya tatu.

Vitu viwili viwili: thairoidi au kitu kingine?

Anza na jaribio moja la sekunde tano. Funika jicho moja. Kama vile viwili vimekuwa kimoja, macho yako hayaelekei sehemu moja, na tatizo liko kwenye misuli au neva zinazoyaongoza. Kama bado unaona viwili kwa jicho moja lililo wazi, tatizo karibu kila mara liko ndani ya jicho hilo: lenzi, konea (kioo cha mbele ya jicho) au namba ya miwani. Jaribio hili dogo linakuambia kama uende kwa mpima miwani au upite moja kwa moja kwa daktari.

Kama viwili vinatoweka ukifunika, angalia kope ya juu. Katika ugonjwa wa macho wa thairoidi, yaani tezi ya shingo, kope hupanda; weupe unaonekana juu ya duara la jicho na mtu anaonekana kama aliyeshtuka. Jicho lenyewe linaweza kusukumwa mbele, kwa sababu misuli na mafuta nyuma yake vimevimba ndani ya chumba cha mfupa kisichopanuka. Katika udhaifu wa neva inayoinua kope, au katika ugonjwa wa misuli kuchoka uitwao mayasthenia, kope hushuka. Wakati wa siku nao unasaidia: viwili vya thairoidi mara nyingi ni vibaya zaidi asubuhi baada ya kulala, vya mayasthenia huzidi jioni mtu anapochoka. Nakuonya tu kwamba mayasthenia na ugonjwa wa thairoidi uitwao Graves wakati mwingine humkalia mtu mmoja, kwa hiyo kope iliyoshuka kwa mgonjwa wa thairoidi si jambo la kupuuza.

Ugonjwa wa Graves ulielezwa na daktari Robert Graves mwaka 1835. Ndani yake kinga ya mwili inaishambulia tezi ya shingo na kuichochea itoe homoni nyingi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula, joto halimwishi. Kinga hiyohiyo ndiyo inayovimbisha sehemu za nyuma ya macho. Hapa pana jambo linalowapoteza wengi: macho na tezi ni matawi mawili ya ugonjwa mmoja, na hayaendi sambamba. Macho yanaweza kutangulia, yakafuata baadaye sana, au yakaugua wakati kipimo cha homoni ni cha kawaida kabisa. Mgonjwa akiambiwa "thairoidi yako iko sawa" hajaambiwa kwamba macho yake hayana ugonjwa wa thairoidi. Aombe kupimwa pia kingamwili za ugonjwa huo.

Na kama unavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha. Simwambii mtu hivyo kwa mazoea. Sigara ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa wazi kwamba huufanya ugonjwa huu wa macho uwe mkali zaidi na dawa zisifanye kazi ipasavyo. Matibabu ya tezi kwa madini ya iodini yenye mionzi nayo yanaweza kuyazidisha macho, hasa kwa mvutaji, kwa hiyo mwenye dalili za macho aseme mapema kabla ya kukubali njia hiyo.

Kalsiamu: ikishuka, ikipanda

Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, ziitwazo parathairoidi. Hazina uhusiano wa kazi na thairoidi; zimepakana nayo tu. Kazi yake ni kutoa homoni iitwayo PTH inayolinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, ambacho kwa mtu mzima huwa kati ya milimoli 2.1 na 2.6 hivi kwa lita, kutegemea maabara. Jicho linahisi tofauti pande zote mbili.

| | Kalsiamu imeshuka | Kalsiamu imepanda |
|---|---|---|
| Sehemu ya jicho | Lenzi. Mara chache neva ya jicho huvimba | Konea na ngozi laini ya weupe wa jicho |
| Mgonjwa anaona nini | Ukungu kwa macho yote mawili, mwanga unatawanyika | Mara nyingi hakuna. Au macho mekundu, yenye mwasho kama mchanga |
| Mwilini | Ganzi midomoni na vidoleni, misuli kukakamaa, degedege | Kiu, mkojo mwingi, kufunga choo, mawe kwenye figo, mifupa kuuma, huzuni |
| Chanzo cha kawaida | Upasuaji wa shingo, upungufu wa vitamini D, figo, magnesiamu kidogo | Parathairoidi iliyozidi kazi, saratani, vitamini D kupita kiasi |
| Uharaka | Mkakamao au degedege ni dharura | Kuchanganyikiwa na kutapika ni dharura |

Jedwali halisemi yote, na upande wa kushoto ndio unaonisumbua zaidi. Kalsiamu ikikaa chini kwa miaka, utando wa seli za lenzi hauwezi tena kuzuia chumvi na maji kuingia, na lenzi inaanza kuota vidoa vyeupe. Mtoto wa jicho wa namna hii humpata hata kijana. Nionavyo, mtu yeyote ambaye bado ni kijana, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hakuumia, hana kisukari na hakutumia sitiroidi, asiingizwe chumba cha upasuaji kabla kalsiamu yake haijapimwa. Lenzi itabadilishwa na ataona vizuri, lakini aliyekuwa anapata ganzi midomoni na degedege ataendelea kuzipata, na huenda anameza dawa za kifafa kwa ugonjwa ambao si kifafa.

Swali la kumuuliza mtu huyo ni rahisi mno: uliwahi kupasuliwa shingo? Tezi hizi ni ndogo na zimejificha, na katika upasuaji wa thairoidi zinaweza kukatwa au kukosa damu. Kwa wengine kalsiamu inarudi baada ya wiki au miezi. Kwa wengine haifanyi hivyo kamwe, na miaka mingi baadaye hakuna anayeunganisha kovu la shingo na ukungu wa machoni.

Upande wa kulia ni mtulivu zaidi kwa upande wa macho. Kalsiamu iliyozidi inaweza kujitandika kwenye konea kama ukanda mweupe wa kijivu unaoanzia pembe mbili za jicho, sehemu isiyofunikwa na kope, ukielekea katikati. Mtu haoni tofauti mpaka ukanda ufike mbele ya mboni. Ukanda huohuo mara nyingi husababishwa na uvimbe sugu wa ndani ya jicho, si kalsiamu ya kwenye damu, kwa hiyo kuuona peke yake hakutoshi kusema parathairoidi zimeharibika. Ila kuuona bila kupima kalsiamu ni uzembe.

Kuona kunakobadilika-badilika

Leo unasoma bila miwani, wiki ijayo huoni ubao. Hapo fikiria sukari kwanza. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi inabadilika maji na umbo, na namba ya miwani inakwenda nayo. Ushauri wangu hapa ni mfupi: pima sukari leo, na usitengeneze miwani mpya mpaka sukari itulie kwa wiki kadhaa, vinginevyo utalipia namba ambayo haitakufaa. Mwenye kisukari cha aina ya 2 achunguzwe retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, tangu siku anapogunduliwa, hata kama anaona vizuri, kwa sababu ugonjwa wa retina hauumi.

Doa la kijivu katikati, na mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, ni hadithi nyingine. Maji yanaweza kukusanyika chini ya retina kwa mtu ambaye kotisoli yake, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, imezidi, iwe mwili wenyewe unaizalisha au anatumia sitiroidi kwa vidonge, sindano, dawa ya kupulizia puani au hata krimu ya ngozi. Mwambie daktari kila unachotumia, pamoja na krimu. Lakini usiache sitiroidi ghafla kwa uamuzi wako; tezi zilizolala muda mrefu haziamki kwa siku moja, na mwili usio na kotisoli unaweza kuzimika.

Basi uanzie wapi?

Duka la miwani linatosha kama unaona vibaya mbali au karibu tu, hali imekuja taratibu, na ukiangalia kupitia tundu dogo la sindano kwenye karatasi unaona vizuri zaidi. Jaribio la tundu ni zuri: likisafisha picha, tatizo kwa sehemu kubwa ni la miwani.

Daktari bingwa wa macho ndiye wa kwanza ikiwa unakosa pembeni, unaona viwili vinavyotoweka ukifunika jicho, rangi zimepauka kwa jicho moja, au kuna ukungu na bado u kijana. Mimi ningeanza kwake hata pale ninapohisi ni homoni, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kusema kama neva iko hatarini, na hilo ndilo linaloamua haraka ya mengine yote.

Kipimo cha damu kiende sambamba, kisisubiri. Kwa anayekosa pembeni: prolaktini, homoni za thairoidi, kotisoli ya asubuhi, homoni ya ukuaji kupitia kipimo cha IGF-1, kisha picha ya MRI ya pituitari. Kwa mwenye ukungu: sukari, kalsiamu pamoja na albumini (protini ya damu), fosfeti, magnesiamu, PTH, vitamini D na kipimo cha figo. Albumini haipaswi kuachwa, maana sehemu kubwa ya kalsiamu husafiri ikiwa imeishikilia, na mtu mwenye albumini ndogo anaweza kuonekana ana kalsiamu ndogo kumbe hana.

PTH isomwe pamoja na kalsiamu, kamwe si peke yake. Kalsiamu ikiwa juu na PTH nayo juu, au hata ya kawaida, parathairoidi ndizo zinazoshukiwa, kwa sababu tezi yenye afya ingepaswa kunyamaza. Kalsiamu ikiwa juu na PTH imezimika, chanzo kiko kwingine. Kalsiamu ikiwa chini na PTH juu, tezi zinajitahidi. Tafuta upungufu wa vitamini D au figo. Zote mbili zikiwa chini, tezi zenyewe zimeshindwa au magnesiamu imekwisha.

Kuna mitego miwili inayofaa kujua kabla ya kutoa damu. Wa kwanza ni biotini, vitamini iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha. Inaweza kuvuruga vipimo vya thairoidi na PTH mpaka mtu mzima wa afya akaonekana ana Graves. Iache siku kadhaa kabla, na umwambie mtu wa maabara. Wa pili ni prolaktini: ikipanda kidogo tu huku uvimbe ni mkubwa, huenda si uvimbe wa prolaktini bali ni uvimbe mwingine unaobana shina la pituitari, na hapo dawa ya kushusha prolaktini haitausinyaza. Au maabara imezidiwa na prolaktini nyingi mno na kutoa jibu dogo la uongo. Daktari aombe sampuli izimuliwe na kupimwa tena.

Hospitali ya dharura, saa hiyohiyo, ni kwa kichwa kinachouma ghafla kuliko ulivyowahi kusikia, pamoja na kutapika na macho kufifia au kuona viwili. Uvimbe wa pituitari unaweza kuvuja damu ghafla, na kinachoua hapo mara nyingi ni ukosefu wa kotisoli. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa thairoidi ambaye rangi zinapauka kwa haraka au jicho halifungi.

Pale homoni na kalsiamu zinapokutana

Mpaka hapa nimezitenganisha pituitari na parathairoidi. Kuna familia ambazo ndani yake tezi hizi haziwezi kutenganishwa. Mwaka 1954 Paul Wermer alieleza ugonjwa wa kurithi unaoota uvimbe kwenye parathairoidi, pituitari na kongosho, ambao leo unaitwa MEN1. Mzazi mwenye jeni hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto. Parathairoidi huathirika kwa karibu kila mwenye ugonjwa huu anapofika miaka 50, na kwa kawaida ndizo zinazotangulia.

Kwa hiyo ukikutwa na uvimbe wa pituitari, uliza kalsiamu yako ni ngapi. Ukikutwa na parathairoidi zilizozidi kazi ukiwa bado kijana, au una ndugu mwenye mawe ya figo yasiyoisha na mwingine aliyepasuliwa uvimbe kichwani, simulia yote kwa daktari mmoja, kikao kimoja. Ugonjwa huu hukwepa kwa sababu daktari wa macho anajua kuhusu macho, wa figo anajua kuhusu mawe, na hakuna aliyeambiwa vyote viwili.

Nini kinarudi, nini hakirudi

Hili ndilo linalotofautisha sana magonjwa haya. Neva iliyobanwa na pituitari inaweza kuanza kuona tena ndani ya siku chache baada ya kuondolewa mzigo, kwa upasuaji unaopitia puani au, kama uvimbe ni wa prolaktini, kwa vidonge vya kabegolini bila kisu. Lakini ikibanwa muda mrefu hukauka, na kilichokauka hakirudi. Mtoto wa jicho hautayeyuka kwa kurudisha kalsiamu. Kalsiamu inazuia usiendelee, na lenzi ya bandia ndiyo inayorudisha kuona. Ukanda wa konea unaweza kukwanguliwa kwa dawa inayonasa kalsiamu, ila utaota tena kama damu haijarekebishwa. Macho ya thairoidi yanataka subira: huwaka kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hutulia, na upasuaji wa kurekebisha kwa kawaida husubiri utulivu huo, ukianza na chumba cha mfupa cha jicho, ukafuata misuli, na kope mwisho. Akibadilisha mpangilio huo, daktari atalazimika kurudia kazi, kwa sababu kila hatua inabadilisha inayofuata.